Chama cha wamama na unga wa muhogo



Karibu kila koperative tunayotembelea iko na chama cha wamama pembeni yake. Wanakutana siku moja kwa juma, wanachanga likelemba, wanamtembelea mama aliyejifungua, wanafagia chemchem, wanapeleka kuni na maji penye matanga. Watu wamezoea kazi hiyo mpaka hawaioni tena. Ukiuliza katika mkutano mkuu chama cha wamama kimefanya nini mwaka huu, wababa watajibu: "Wanasaidia-saidia." Basi, ndiyo ripoti yote.

Somo letu la leo linataka kwenda mbali kuliko "kusaidia-saidia". Tunauliza: iko kazi gani ya kijiji ambayo chama cha wamama kinaweza kuifanya, na ambayo serikali, mganga, agronomu na hata sisi watu wa miradi hatuwezi kuifanya mahali pao? Ziko nyingi. Lakini tumechagua moja tu ili tuielewe vizuri mpaka chini, maana chama kinachoshika kazi kumi kwa mara moja hakimalizi hata moja. Kazi hiyo inahusu unga wa muhogo, ule tunaosonga bugali kila siku.

Ugonjwa unaofunga miguu

Mnamo 1938, daktari mmoja aitwaye Trolli aliandika juu ya ugonjwa aliouona huko Kwango, upande wa Popokabaka. Watu wa huko, Wayaka, walikuwa tayari na jina lake: konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto analala mzima, au anaenda shamba na mama yake bila shida. Kesho yake miguu yote miwili imekaza na inatetemeka. Anajaribu kusimama, anaanguka. Wengine baadaye wanatembea kwa fimbo, magoti yanapishana na visigino haviguse chini. Wengine hawasimami tena. Akili inabaki timamu. Na miguu hairudi kama zamani, hata upelekwe hospitali gani.

Konzo inashika zaidi watoto waliokwisha kuacha ziwa na wamama walio katika umri wa kuzaa. Haiambukizi. Haitoki kwa jirani wala kwa ndoto mbaya. Lakini kwa sababu inakuja ghafula, na pengine inashika watoto wawili wa nyumba moja, familia nyingi zinapoteza muda na pesa zikitafuta nani amewaloga, na urafiki wa miaka mingi unavunjika bure.

Mtu wa Kivu anaweza kusema: hayo ni mambo ya Kwango, mbali kabisa. Hapana. Kivu ya Kusini pia waganga waliripoti konzo huko Burhinyi, katika teritware ya Mwenga, miaka ya vita. Sababu ni zile zile. Watu wanakimbia, mifugo inaisha, maharagi na samaki hayapatikani, muhogo unabaki peke yake kwenye sahani, na unatayarishwa haraka-haraka.

Sumu inatoka wapi

Muhogo unajilinda na sumu. Ndani ya mzizi na majani kuna kitu ambacho, mzizi ukikatwa au kupondwa, kinatoa asidi ya sianidi. Muhogo mtamu unayo kidogo, muhogo mchungu unayo nyingi. Mwaka wa jua kali inaongezeka. Wakulima wanapenda muhogo mchungu, na wana haki: nguruwe na panya hawaupendi, wezi nao wanauogopa, na mara nyingi unazaa hata penye udongo uliochoka. Hatuwaambii muuache. Tunasema tu kwamba unadai kazi.

Kazi ya kwanza mnaijua toka kwa mababu: kumenya, kuloweka majini siku tatu mpaka mzizi unalainika, kisha kuanika. Ile siku tatu ndiyo dawa. Watafiti waliofanya kazi Kwango miaka ya 1980 na 1990 waliona jambo moja la kushangaza. Nyumba zilizopatwa na konzo na nyumba zisizopatwa zilikuwa zinakula muhogo mmoja, wa mashamba mamoja. Tofauti ilikuwa usiku. Wengine waliloweka usiku tatu; wengine walikuwa wamepunguza mpaka usiku mmoja. Na kwa nini walipunguza? Mara nyingi kwa sababu gari la kwenda Kinshasa lilikuwa linangoja, na mnunuzi hakuuliza muhogo umelala majini usiku ngapi.

Someni mstari huo mara mbili. Tutaurudia tukifika upande wa koperative.

Jambo la pili ni mboga. Mwili wetu unajua kuiondoa sumu hii kidogo-kidogo, unaitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji protini: ndagala, mayai, nyama, maharagi, karanga, soya. Mtoto anayekula bugali na ndagala anaweza kushinda sumu ambayo itamwangusha mwenzake anayekula bugali na maji ya chumvi. Kwa hiyo konzo inawashika maskini kwanza, na zaidi wakati wa njaa.

Namna ya kulowanisha unga

Iko njia ya kuongeza juu ya ile ya kuloweka. Haiichukulii nafasi, inaiongezea. Ilitoka kwa mtaalamu mmoja wa Australia, Howard Bradbury, na ikajaribiwa hapa kwetu pamoja na watu wa PRONANUT, programu ya taifa ya lishe. Tutaiita kulowanisha unga, ili tusiichanganye na kuloweka mizizi.

Chukua beseni, weka unga mkavu wa siku ile, usawazishe juu bila kushindilia. Tia alama ndani ya beseni pale unga unapofikia. Mkaa au mkwaruzo wa kisu unatosha. Mimina maji safi kidogo-kidogo huku unakoroga. Mwanzoni utaona unga unashuka chini ya alama. Usishangae, endelea kumimina na kukoroga mpaka ule unga uliolowa upande tena na kufika sawasawa kwenye alama. Hapo simama, ukizidisha, unapata uji. Sasa utandaze juu ya ungo au mkeka safi, wembamba, usipite unene wa sentimeta moja, yaani kama upana wa kidole kidogo. Uache saa mbili penye jua, au saa tano kivulini. Katika muda huo sumu inageuka hewa na kuruka. Kisha usonge bugali wako kama kawaida.

Unga uliolowanishwa upikwe siku ile ile. Ukilala, unaota ukungu. Kwa hiyo hii si kazi ya depo wala ya mtu anayeuza unga sokoni. Ni kazi ya kila jiko, kila siku, kwa kipimo cha chakula cha siku ile.

Wamama wengi wanauliza juu ya muda, na ni swali la haki, maana siku ya mama wa kijiji imejaa toka jogoo. Jibu ni kwamba kukoroga na kutandaza kunachukua dakika chache tu. Zile saa mbili si za kazi, ni za kungoja. Ukitandaza saa nane mchana, saa kumi unapika. Wakati wa mvua utatandaza ndani ya nyumba saa sita, utapika saa kumi na moja jioni. Shida ya kweli ni ile siku ambayo mama anarudi shambani saa kumi na mbili na watoto wana njaa. Hapo lazima kuwe na mtu mwingine nyumbani wa kutandaza unga mapema. Msichana mkubwa, ndiyo. Lakini mvulana naye ana mikono, na baba pia.

Sumu inapungua mara tatu mpaka mara sita. Na ule uchungu unaobaki mdomoni unapungua nao, na hiyo, kusema kweli, ndiyo inayowavuta watu kuliko maneno ya daktari.

Kay Kalenge

Kay Kalenge ni kijiji karibu na Popokabaka, katika jimbo lililoitwa Bandundu na leo ni Kwango. Watafiti walipofika walikuta watu 34 wenye konzo katika kijiji kimoja. Wakawafundisha wamama kulowanisha unga, wakawafuata kwa miezi. Wakati wote wa kazi ile hakupatikana mgonjwa mpya. Mikojo ya watoto wa shule ilipopimwa, sumu iliyokuwa inapita mwilini ilikuwa imeshuka sana.

Lakini kwa somo letu, habari kubwa si mkojo. Habari kubwa ni kwamba njia hii ilifika katika vijiji vitatu vya jirani bila mtu yeyote kutumwa. Mwanamke mmoja alimwambia dada yake, mwingine alimwonyesha shemeji aliyekuja kusalimia. Hakuna gari lililotumia mafuta. Njia ya barabara ina matope na vizuizi, lakini njia ya dada kwa dada haifungwi na mvua.

Hapo ndipo mnaona kwa nini tunasema ni kazi ya chama cha wamama. Mganga wa senta ya afya anaweza kueleza konzo vizuri kuliko sisi, lakini hawezi kuwa katika majiko 80 saa nane mchana. Shefu wa kijiji anaweza kupiga ngoma na kutoa amri, lakini amri haijui kama unga umepita alama ya beseni. Na mtu wa mradi, hata akipendwa sana, mradi ukiisha anapanda gari. Anayebaki ni jirani, yule anayeingia jikoni kwako bila kubisha kwa sababu jana mliazimana chumvi.

Tena si jambo la Kongo peke yake. Kule Kanada, mama mmoja aitwaye Adelaide Hoodless alifiwa na mtoto wake mdogo mwaka 1889, na watu wakaamini ni maziwa machafu yaliyomuua. Mama huyo akaanza kusema popote kwamba wakulima wanafundishwa kulisha ng'ombe lakini hakuna anayewafundisha wake zao juu ya chakula cha watoto. Mkulima mmoja, Erland Lee, aliyekuwa katika chama cha wakulima wanaume, akamwalika. Tarehe 19 Februari 1897, wanawake 101 wakakusanyika Stoney Creek, jimbo la Ontario, wakaanzisha chama chao. Mwaka 1915 mfano huo ukavuka bahari mpaka Wales. Wakati wa vita vya pili vya dunia vyama hivyo vya vijiji vya Uingereza vilihifadhi zaidi ya tani 5,000 za matunda yasioze, wakipika jemu katika mabanda na majiko ya shule. Angalieni mwanzo wake: chakula cha mtoto mmoja, na chama cha wakulima kilichokubali kufungua mlango.

Kuipanga kazi bila kuchoka

Chukua mfano wa kijiji chenye nyumba 80 na chama chenye wamama 16. Kila mama anashika nyumba tano, zile za jirani yake kabisa, na yake mwenyewe ikiwa ndani ya hesabu. Asishike nyumba za upande wa pili wa mto, hata kama kule kuna ndugu. Juma la kwanza chama chote kinafanya zoezi pamoja, katika uwanja mmoja, beseni tatu au nne, na bugali linapikwa na kuonjwa palepale: la unga uliolowanishwa na la unga usiolowanishwa, yakae pamoja mezani. Msihubiri sana. Ulimi utahubiri.

Juma la pili kila mama anaingia nyumba zake nne na kufanya kazi na mwenye jiko, unga wa mwenye jiko, beseni la mwenye jiko. Hapo ndipo alama inatiwa kwenye beseni. Beseni lenye alama ni ukumbusho ambao haupotei kama karatasi. Kisha mama huyo anarudi, siyo kukagua kama polisi, bali kusalimia, saa ile ya kutandaza. Baada ya mwezi mmoja mnakutana na kusema ukweli: nyumba ngapi zinafanya kila siku, ngapi zimeacha, na kwa nini. Zile zilizoacha ndizo za kuzungumziwa. Mara nyingi utakuta sababu ndogo: hakuna ungo, kuku wanakula unga ukitandazwa, mama mkwe anasema ni kuharibu chakula. Ungo unaweza kusukwa. Kuku wanafukuzwa na mtoto mwenye fimbo. Mama mkwe anahitaji mama mwenye umri wake, siyo kijana wa mradi mwenye daftari.

Muwe na daftari lenu lakini, moja tu, la kurasa chache. Andikeni jina la nyumba, tarehe, na alama. Yule mama anayejua kusoma asiwe ndiye prezida kwa lazima, awe sekretere. Tumeona vyama ambamo mwenye kalamu anageuka kuwa mwenye chama.

Kazi nyingine mbili zinakwenda pamoja na hii. Ya kwanza ni mahali pa kuloweka. Maji ya muhogo ulioloweshwa yananuka na yana sumu. Mashimo ya kuloweka yawe chini ya chemchem ya kunywa, siyo juu yake. Chama kinaweza kukaa na shefu na kuamua mahali, na salongo ya kijiji ikachimba. Ya pili ni wale waliokwisha kupatwa. Mtoto wa konzo ana akili yake yote, na mara nyingi anabaki nyumbani kwa sababu shule iko mbali na miguu haifiki. Fundi wa kijiji anaweza kuchonga magongo. Wamama wanaweza kupanga zamu ya kumpeleka. Na mgonjwa mpya yeyote, miguu ikikaza ghafula, apelekwe senta ya afya haraka na jina lake liandikwe, maana mmoja akionekana, kuna uwezekano wengine wako njiani, na zone ya afya lazima ijue.

Upande wa koperative

Sasa turudi kwa lile gari lililokuwa linangoja.

Koperative inayonunua kosete inaweza, bila kutaka, kuharibu kazi yote ya chama cha wamama. Hesabuni pamoja nasi. Komite inatangaza Alhamisi kwamba gari linakuja Jumapili. Mama anachimba Alhamisi ile ile na kumenya jioni. Akiloweka usiku tatu, muhogo unatoka majini Jumapili asubuhi, bado unahitaji siku mbili au tatu za jua. Gari limekwisha kwenda. Basi atafanya nini? Ataloweka usiku mmoja, ataanika kwa haraka, atauza. Na ule ambao haukukauka vizuri, uliokataliwa kwenye mzani, utarudi nyumbani kuliwa na watoto.

Hatusemi mama huyo ni mbaya. Ana karo ya shule ya kulipa. Tarehe ndiyo mbaya. Gari la Jumapili litangazwe siku nane mbele, siyo siku tatu. Hiyo peke yake haigharimu hata franka moja. Kisha komite iweke katika kanuni zake kwamba inapokea kosete zilizolowekwa usiku tatu, na iwape wamama wa chama nafasi ya kupita mashimoni na kushuhudia. Mtu atauliza: tutajuaje nani amedanganya? Muhogo uliolala siku tatu unalainika mpaka nyuzi zake zinatoka kwa mkono. Wa usiku mmoja bado ni mgumu. Mama yeyote anajua kwa kuminya.

Koperative inaweza pia kununua bashi mbili au tatu za kuanikia, zikakaa kwa chama na kuzunguka kwa zamu. Na inaweza kuweka kando mbegu ya maharagi, soya au karanga ili kila nyumba ya muhogo ipande mistari michache ya mboga ya protini. Wakati wa kulowanisha unga tunaondoa sumu. Wakati wa kula maharagi tunaupa mwili nguvu ya kupigana na ile iliyobaki. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Kazi ambazo si za chama

Hapa tutasema jambo ambalo halitawafurahisha wote.

Wageni wakija kutembelea koperative, nani anapika? Wamama wa chama. Depo ikiwa chafu, nani anafagia? Wamama wa chama. Mawe ya msingi wa jengo jipya? Wamama, kwa vichwa. Na siku ya mkutano mkuu, wakati wa kupiga kura juu ya bei, utasikia: "Hao siyo wanamemba, ni chama cha wamama tu." Kwa sababu shamba limeandikwa kwa jina la bwana, sehemu imelipwa kwa jina la bwana, na bwana ndiye anayekaa kwenye kiti.

Kujitolea ni kumpa jirani kitu ambacho wewe mwenyewe umeamua kumpa. Kazi ambayo mwingine ameiamua, na ambayo yeye ndiye anayefaidi, ina jina lingine, na lazima ilipwe au igawanywe. Upishi wa mkutano uwekwe katika bajeti ya mkutano. Depo ifagiliwe kwa zamu ya wanamemba wote, suruali na kitenge. Chama kikiwa kinabeba mizigo hiyo yote, mama wa nyumba ya tano hatapata saa ya kumtembelea jirani yake, na kazi ya unga itakufa kimya, bila mtu kuiua.

Hata mahali ambapo kazi ya kijiji ilifanikiwa sana, hawakuona haya kutoa kitu kidogo. Kenya, toka 1977, Wangari Maathai pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake walianzisha vikundi vya wanawake vya kupanda miti; kila mche uliopona ulimletea aliyeutunza malipo madogo. Walilipwa kwa mti uliosimama, siyo kwa kuhudhuria mkutano. Wangari alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, lakini miche ililindwa na wanawake ambao majina yao hayako magazetini. Koperative yetu haiwezi kulipa kila ziara ya jikoni, na isijaribu, maana ziara ya kulipwa inageuka kuwa ripoti ya uongo. Lakini sabuni, daftari, bashi, na nafasi ya chama kuweka likelemba yake katika sanduku la koperative kwa usalama: hivyo vinawezekana.

Na sehemu ya memba? Wako wababa wanaosema sheria hairuhusu mke kujiandikisha bila bwana kukubali. Hiyo ilikuwa sheria ya familia ya 1987. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha. Mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kuweka sahihi yake. Na sheria ya koperative ya OHADA, ambayo nchi yetu imo ndani yake toka 2012, inasema kila memba ana sauti moja, akiwa na sehemu moja au ishirini. Inasema pia kwamba watu watano wanatosha kuanzisha koperative ndogo. Wamama watano wanaouza kosete nzuri wanaweza kufanya hesabu hiyo wenyewe. Komite ambayo haitaki kuwapoteza ifanye hesabu hiyo kabla yao.

Nyumbani, hata hivyo, jambo hili lizungumzwe kwa heshima. Mke kuwa na kitabu chake cha memba si kumpiga vita bwana. Nyumba moja yenye sauti mbili katika mkutano haina hasara. Tumesikia wababa wakisema hivyo wenyewe, baada ya kuona karo inalipwa kwa wakati.

Maswali ya kuzungumza

Katika mkutano wenu ujao, msome somo hili kwa sauti, kisha mgawanyike, wamama peke yao na wababa peke yao, kwa nusu saa, halafu mrudi pamoja. Wamama wajibu: katika kijiji chetu muhogo unalala majini usiku ngapi, kwa kweli, siyo kwa kujivunia? Ni lini tunapunguza, na nani anatuharakisha? Je, yuko mtoto ambaye miguu yake ilikaza ghafula, na alipelekwa wapi? Wababa wajibu: mara ya mwisho gari lilitangazwa siku ngapi kabla? Wanamemba wangapi wa koperative ni wanawake kwa jina lao wenyewe? Na nani alipika chakula cha mkutano huu?

Majibu yaandikwe na sekretere wa chama na sekretere wa koperative, kila mmoja katika daftari lake, na mtuletee nakala agronomu wetu akipita. Mkihitaji mtu wa kuonyesha kulowanisha unga mara ya kwanza, mwombeni pia mganga wa senta ya afya awepo siku hiyo. Mje na beseni, ungo, na unga wa nyumbani kwenu, kilo moja kila chama inatosha.